Mkono wa mchezaji nao ni mtaji: Namna ya kuzuia maumivu kwa wanaocheza gemu saa nyingi

Wenye vibanda vya gemu, wauzaji wa vipanya, pedi na viti, na wanaodhamini vikundi vya vijana wanaoshindana mtandaoni wana mtaji mmoja ambao hauandikwi katika vitabu vyao vya hesabu. Mtaji huo ni mkono wa mchezaji. Kompyuta ikiharibika hutengenezwa au hununuliwa nyingine. Mteja ambaye kifundo cha mkono kimeanza kumuuma huondoka kimya kimya, na mara nyingi mwenye biashara hapati kujua kilichomwondoa.

Kwa mwekezaji mdogo ipo nafuu moja. Sehemu kubwa ya kinga ya maumivu hayo haihitaji bidhaa za bei ghali. Inahitaji kiti na meza vya kimo kinachofaa, mpangilio mzuri wa saa na uelewa wa jinsi mkono unavyofanya kazi. Bidhaa zinazouzwa kwa jina la kinga ni nyingi na baadhi husaidia, lakini hakuna iliyothibitika kuchukua nafasi ya mapumziko. Mfanyabiashara anayelijua hilo ataagiza bidhaa kwa uangalifu zaidi na atawahifadhi wateja wake kwa muda mrefu.

Soko lilikotoka na lilipofika

Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zilizoonyesha mapema kwamba kukaa mbele ya gemu kwa saa nyingi kunaweza kuwa biashara kamili. Baada ya msukosuko wa fedha uliolikumba bara la Asia mwaka 1997, baadhi ya watu waliopoteza ajira nchini humo walifungua vyumba vya kukodisha kompyuta, vinavyojulikana kama PC bang. Gemu ya StarCraft, iliyotoka mwaka 1998, ilijaza viti vya vyumba hivyo, na baadaye yakaja mashindano ya televisheni, wadhamini na wachezaji wa kulipwa.

Tangu hapo fedha zimeongezeka. Mwaka 2023, katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou nchini China, gemu za kompyuta ziliingizwa rasmi kwa mara ya kwanza miongoni mwa michezo inayotolewa medali. Mwaka 2024 mashindano ya Esports World Cup ya Riyadh, Saudi Arabia, yalitangaza zawadi za zaidi ya dola milioni 60 za Marekani.

Katika Afrika Mashariki biashara hii ina sura yake. Wapo wenye vibanda vya mitaani vyenye televisheni na pedi, wanaotoza kwa mechi au kwa saa. Zipo kumbi zenye kompyuta. Halafu ipo simu ya mkononi, ambayo imemwezesha kijana kucheza na wenzake mtandaoni hata akiwa kitandani. Kote huko kazi inayofanywa na mkono ni ileile: mjongeo mdogo unaorudiwa mara nyingi sana bila kupumzika.

Gharama zilizokwisha kulipwa

Madaktari waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1981 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha barua kuhusu maumivu ya kifundo cha mkono yaliyotokana na gemu ya Space Invaders. Mwaka 1990 jarida hilo lilichapisha barua nyingine, safari hii kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyepata maumivu makali ya gumba baada ya kucheza Nintendo kwa saa tano mfululizo.

Mwaka 2000 tatizo hilo lilifika kwenye mizania ya kampuni. Gemu ya Mario Party ya Nintendo 64 iliwataka wachezaji wazungushe kijiti cha pedi kwa kasi kubwa, na baadhi ya watoto walikizungusha kwa kiganja hadi kuchubuka na kupata malengelenge. Baada ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York kuingilia kati, Nintendo ilikubali kuwapa wateja glavu za kukinga mikono. Wakati huo ilikadiriwa kwamba gharama ingeweza kufika dola milioni 80 iwapo kila mwenye haki angeziomba.

Kwa wachezaji wa kulipwa hasara imekuwa ya ajira yenyewe. Lee Young-ho wa Korea Kusini, maarufu kwa jina la Flash na mmoja wa wachezaji bora wa StarCraft, alifanyiwa upasuaji wa mkono mwaka 2011. Mwaka 2015 Hai Lam aliachia nafasi yake katika timu ya Cloud9 ya League of Legends, akitaja jeraha la kifundo cha mkono miongoni mwa sababu. Januari 2021 Thomas Paparatto, anayejulikana kama ZooMaa, alitangaza kuacha mashindano ya Call of Duty kutokana na jeraha la gumba na kifundo.

Uko pia mfano wa upande wa faida. Clinton Loomis, maarufu kwa jina la Fear katika gemu ya Dota 2, aliwekwa nje ya mashindano makubwa ya mwaka 2014 na maumivu ya kiwiko. Timu yake ya Evil Geniuses ilimweka kando na kumpa kazi ya ukocha wakati anapona. Baadaye alirudi mchezoni, na timu hiyo ikatwaa ubingwa wa The International 2015 na zawadi ya zaidi ya dola milioni 6.6. Miezi ya kupumzisha mkono haikumfungia njia ya ushindi.

Umri peke yake hausemi yote. Mshindi wa medali ya dhahabu ya Street Fighter V huko Hangzhou mwaka 2023, Kim Gwan-woo wa Korea Kusini, alikuwa na umri wa miaka 44.

Maumivu yanatoka wapi

Misuli mikubwa inayoendesha vidole haiko kwenye vidole. Iko katika mkono, kati ya kiwiko na kifundo, na huvuta vidole kwa kano ndefu, mithili ya kamba zinazopita kwenye kapi. Kila mara kidole kinapobonyeza, kano husuguana na ala zake ndani ya njia nyembamba.

Njia iliyo muhimu zaidi iko kwenye kifundo, upande wa kiganja. Sakafu na kuta zake ni vifupa vya kifundo na paa lake ni utepe mgumu usiotanuka. Ndani yake hupita kano tisa pamoja na mshipa mmoja wa fahamu unaohudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Mkono ukinyooka, nafasi hutosha. Mkono ukikunjwa kwenda juu au chini, shinikizo ndani ya njia hiyo hupanda. Kano zikivimba, kinachobanwa ni ule mshipa wa fahamu, na vidole huanza kufa ganzi.

Mambo manne huongeza hatari: kurudiarudia mjongeo, kutumia nguvu nyingi, kukaa vibaya na kukosa mapumziko. Gemu za mtandaoni zinaweza kuyakusanya yote manne kwa wakati mmoja. Wachezaji wa kulipwa wa StarCraft wameweza kufanya zaidi ya vitendo 300 kwa dakika. Kwa kiwango hicho, saa moja ina vitendo 18,000, na saa nane zina vitendo 144,000. Mchezaji wa kibandani hafikii kasi hiyo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha maumivu hujaa hivyohivyo.

Jambo la nne, yaani kukosa mapumziko, ndilo ambalo wengi hawalijali. Misuli inayoshika kitu bila kulegea hupata damu kidogo. Mchezaji anayekibana kipanya au pedi kwa nguvu wakati wa mapambano makali huichosha misuli hata katika sekunde ambazo haendeshi kitu chochote.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wachezaji 65 wa vyuo vya Marekani na Kanada unaonyesha ukubwa wa tatizo. Wachezaji hao walifanya mazoezi kati ya saa 3 na saa 10 kwa siku. Asilimia 36 walisema wana maumivu ya kifundo cha mkono na asilimia 32 walitaja maumivu ya kiganja na vidole. Hata hivyo ni asilimia 2 tu waliokwenda kutafuta matibabu. Kwa mfanyabiashara, takwimu hiyo ya mwisho ndiyo ya kutazamwa: mteja mwenye maumivu kwa kawaida hasemi.

Hesabu ya mapumziko

Wenye vibanda wengi huliona pumziko kuwa ni fedha inayopotea. Inafaa kuipiga hesabu hiyo badala ya kuikisia.

Tuseme kibanda kina mashine 10, kinafanya kazi saa 10 kwa siku, viti vyote vimejaa na saa moja inatozwa shilingi 1,000. Mapato ya siku ni shilingi 100,000. Pumziko la dakika 5 katika kila saa ni sehemu moja ya kumi na mbili. Likihesabiwa lote kuwa hasara, ni kama shilingi 8,300 kwa siku, au takriban shilingi 175,000 kwa wiki tatu. Kwa upande mwingine, mteja anayecheza saa mbili kila siku akiacha kuja kwa wiki tatu kwa sababu ya mkono, kibanda kinakosa shilingi 42,000. Kwa hesabu hiyo peke yake, pumziko lingelipa iwapo tu linawaokoa zaidi ya wateja wanne katika kipindi hicho.

Hata hivyo hesabu hiyo inachukulia hali mbaya kuliko zote, kwa sababu tatu. Kwanza, anayelipia kwa saa hulipa saa nzima, pamoja na dakika alizonyoosha mikono. Pili, si kila saa viti vyote hujaa, na pumziko kwenye saa za kiti kitupu halimnyimi mtu mwingine nafasi. Tatu, gemu zenyewe zina dakika za kusubiri kati ya mechi moja na nyingine, na hizo zinaweza kutumika kupumzisha mkono badala ya kushika simu. Mteja aliyesimama pia hununua maji au soda.

Upo na ushahidi kutoka sehemu za kazi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, makarani wa kuingiza takwimu kwenye kompyuta katika idara ya kodi ya Marekani waliongezewa mapumziko ya dakika 5 katika saa ambazo hazikuwa na pumziko, jumla ya dakika 20 kwa siku. Maumivu na uchovu wa macho vilipungua, na kazi iliyofanywa kwa siku haikupungua, kwa kuwa makarani walifanya kazi kwa kasi kubwa zaidi walipokuwa mezani. Kucheza gemu si sawa na kuandika takwimu, lakini mikono inayotumika ni ileile.

Utaratibu unaoweza kufuatwa bila ugomvi na wateja ni pumziko fupi la nusu dakika hadi dakika moja kila mechi inapokwisha, na la dakika 5 kila saa. Wanaotoza kwa mechi wanaweza kuweka pumziko refu baada ya kila mechi tatu au nne. Katika pumziko hilo mchezaji aachie kipanya, aangushe mikono pembeni, afungue na kufumba ngumi taratibu, azungushe mabega na atembee kidogo. Kuhama kutoka kompyuta kwenda kwenye simu hakuhesabiki kuwa ni kupumzika.

Kiti na meza

Kipimo cha kuanzia ni kiwiko. Mchezaji akikaa na mabega yakiwa yamelegea, kiwiko kinapaswa kuwa sawa na uso wa meza au juu yake kidogo, kikiwa kimekunjwa kwa pembe ya mraba au zaidi kidogo. Meza ikiwa juu mno, mabega hupanda na kifundo hukunjika. Ikiwa chini mno, mchezaji huinama na uzito wote hukalia viganja.

Meza nyingi za ofisi zina kimo cha sentimita 72 hadi 75, kimo ambacho humzidi kijana mdogo. Dawa yake ni kupandisha kiti hadi kiwiko kifike usawa wa meza, kisha kuweka kitu cha kukanyagia ili miguu isining'inie. Kreti tupu la soda lililogeuzwa linatosha.

Kibodi na kipanya viwe karibu na kwa kimo kimoja. Kipanya kikiwekwa mbali, mkono hunyooshwa siku nzima na bega hulipa gharama. Vile vijiguu vya nyuma ya kibodi vinavyoinua sehemu ya juu huzidisha mkunjo wa kifundo, hivyo ni afadhali vikunjwe. Hilo halina gharama hata senti moja. Ukingo mkali wa meza unaokata kwenye kifundo uzungushiwe sponji au kitambaa kizito. Skrini ikae umbali wa urefu wa mkono, na ukingo wake wa juu uwe sawa na macho.

Katika kumbi zenye kiyoyozi, viti visielekezwe kwenye upepo wa baridi moja kwa moja. Mikono baridi huwa mizito, na mchezaji huifidia kwa kubana zaidi.

Kipanya, pedi na simu

Anayetumia kipanya ana mambo mawili ya kurekebisha. La kwanza ni nguvu ya kushika: kipanya kishikwe kwa wepesi na vidole vipumzike juu ya vitufe bila kuinuliwa hewani. La pili ni mwendo wa mshale kwenye skrini. Mshale ukiwa mwepesi sana, kazi yote hufanywa na kifundo kwa mijongeo midogo. Ukiwa mzito kiasi, mkono mzima kuanzia kiwikoni hushiriki. Mwenye maumivu ya kifundo anaweza kuupunguza wepesi huo kidogo kidogo. Mwenye maumivu ya bega afanye kinyume chake. Kipanya chenyewe kitoshe kiganja, kwa kuwa kidogo mno hukunja vidole na kikubwa mno huvitanua.

Kwa pedi, kiungo kinachoumia zaidi ni gumba. Kano mbili za gumba hupita kwenye njia yake nyembamba pembeni mwa kifundo, na zikivimba mchezaji husikia uchungu anaposhika kikombe au kusokota nguo. Mikono inayoshika pedi iegemezwe mapajani au kwenye mto, na vitufe vibonyezwe bila kukandamizwa hadi mwisho kwa hasira.

Simu ina tatizo la ziada. Vidole vingine hubeba uzito wakati magumba yanacheza, na viwiko hukaa vimekunjwa sana kwa muda mrefu. Mkunjo huo huuvuta mshipa mwingine wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, ndiyo maana baadhi ya wachezaji wa simu hufa ganzi kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Nafuu hupatikana kwa kuegemeza simu mezani, kwa kuegemeza mikono bila kukandamiza ncha za viwiko, na kwa kuacha kucheza huku mtu amelala chali na kuinua simu juu ya uso.

Bidhaa za sokoni: zipi zinastahili fedha

Waagizaji na wauzaji wa rejareja hukutana na orodha ndefu ya bidhaa za kinga. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2018, yaliyojumuisha tafiti 15 za wafanyakazi 2,165, yalikuta ushahidi unaopingana kuhusu kama vipanya vya umbo tofauti na vishikizo vya mikono huzuia maumivu ya shingo na mabega. Kuhusu mapumziko ya ziada, ulikuwepo ushahidi kwamba hupunguza maumivu, ingawa waandishi waliuhesabu kuwa dhaifu. Muuzaji asiahidi zaidi ya hapo.

Kiti kinachopanda na kushuka kina thamani ya kweli, kwa sababu ndicho kinachosawazisha kiwiko na meza. Rangi na umbo la kiti cha magari ya mashindano havina uhusiano na kinga. Kiti cha mtumba cha ofisi chenye mtambo mzima wa kupandisha hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ya chini.

Kipanya cha kusimama wima hupunguza kupinda kwa mkono, na baadhi ya watumiaji hupata nafuu. Lakini ni kizito kukizoea katika gemu za kasi, na ushahidi kwamba huzuia maumivu bado ni mdogo. Ni bidhaa ya kuagiza kwa idadi ndogo.

Mto mdogo wa kuegemeza kifundo unafaa wakati wa kusubiri. Ukikandamizwa na kifundo wakati mkono unacheza, hubana palepale ambapo mshipa wa fahamu unapita. Mnunuzi aelezwe matumizi hayo.

Soksi za mkono na glavu zisizo na vidole huleta joto na starehe. Zisiuzwe kama tiba.

Kifungo kigumu cha kifundo hutumiwa hasa usiku na watu wenye ganzi, ili mkono usikunjike usingizini. Kucheza nacho huhamishia kazi kwenye misuli mingine, na kinafaa kutumiwa kwa ushauri wa mtaalamu.

Vidonge vya maumivu ndivyo vyenye hatari iliyofichika. Mchezaji anayevimeza ili aendelee kucheza huzima kengele huku moto ukiendelea kuwaka, na aina nyingi za vidonge hivyo zikitumiwa mfululizo huumiza tumbo. Visiuzwe kibandani.

Mzigo uongezwe polepole

Kano huzoea kazi, lakini huzoea taratibu kuliko misuli. Madhara mengi huja pale saa zinapoongezwa ghafla: likizo ya shule, gemu mpya, au wiki ya mwisho kabla ya mashindano. Kijana aliyekuwa akicheza saa mbili kwa siku haifai arukie saa nane kwa kuwa mdhamini ametangaza zawadi. Wadhamini wanashauriwa kutangaza tarehe mapema, ili maandalizi yagawanywe kwa wiki kadhaa.

Kuimarisha mkono pia husaidia. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha kuanzia. Mkono huegemezwa mezani, kifundo kikiwa nje ya ukingo, kisha chupa hupandishwa na kushushwa polepole mara 10 hadi 15, kwanza kiganja kikitazama juu na baadaye kikitazama chini. Mpira mwembamba wa kufungia noti ukizungushwa kwenye vidole, kisha vidole vikatanuliwa, huimarisha misuli ya kufungua kiganja ambayo gemu haiitumii vya kutosha. Siku tatu kwa wiki zinatosha. Zoezi likiongeza maumivu, lisimamishwe.

Dalili za kusimamisha mchezo

Uchovu unaokwisha baada ya kulala ni wa kawaida. Yapo mambo ambayo hayangojei: ganzi inayomwamsha mtu usiku, kuangusha vitu mkononi, uvimbe au joto kwenye kifundo, uchungu unaoendelea hata mtu akiwa hachezi, na maumivu yasiyopungua baada ya wiki moja au mbili za kupunguza saa. Mwenye dalili hizo aende hospitali, na inapowezekana aonwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mshipa wa fahamu ukibanwa kwa muda mrefu misuli ya gumba hunyauka, na hapo hata upasuaji unaweza usirudishe nguvu yote.

Wenye kisukari, wenye matatizo ya tezi ya shingo na wajawazito hupata ganzi ya kifundo kwa urahisi zaidi, na wanapaswa kuwa waangalifu mapema. Jian Zihao wa China, anayejulikana kama Uzi, alitangaza kustaafu League of Legends Juni 2020 akiwa na miaka 23, akitaja kisukari na hali ya mkono wake. Baadaye alirejea katika mashindano, lakini kilele cha ajira yake kilikwisha kukatika.

Mpangilio wa matumizi kwa mwekezaji mdogo

Kwa anayefungua kibanda au anayeboresha alichonacho, fedha zinaweza kupangwa hivi:

Kwanza, yasiyo na gharama: pumziko katika kila saa, vijiguu vya kibodi kukunjwa, kipanya kusogezwa karibu, viti kuhamishwa mbali na upepo wa kiyoyozi.

Pili, ya gharama ndogo: sponji kwenye kingo za meza, makreti ya kukanyagia, vishikio vya simu, vipanya vya ukubwa wa aina mbili ili mteja achague.

Tatu, ya gharama kubwa: viti vinavyopanda na kushuka, vinunuliwe viwili viwili kadiri mapato yanavyoruhusu, vikianzia kwenye mashine zinazokodishwa saa nyingi zaidi.

Kwa wadhamini wa timu, mkataba uwe na kifungu cha mchezaji wa akiba na cha mapumziko ya lazima mchezaji anapotoa taarifa ya maumivu, bila kukatwa posho katika kipindi kitakachokubaliwa. Mchezaji anayejua kwamba kusema kutamkosesha fedha atanyamaza, na atakaposema mkono utakuwa umekwisha kuharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika biashara hii ukuta ni mchezaji mpya anayeanza kufundishwa upya.

Wanaoagiza bidhaa kwa msimu wa likizo za shule wanashauriwa kuweka kando sehemu ya fedha za vipanya vya umbo la ajabu na kuitumia kwa viti na vishikio vya simu. Kabla ya kulipia shehena ya viti, mtambo wa kupandisha ujaribiwe kwa mtu mzima aliyekaa, kwa kuwa mtambo huo ndio unaobeba faida yote ya kiti.